Taa za ordinateri: nani anazitawala, kampuni ao mwenye kununua?

Ordinateri imezimwa. Ekra iko nyeusi, ventilateri imetulia, mwenye nyumba amekwenda kulala. Lakini pale pembeni ya meza rangi zinaendelea kupita: nyekundu, kijani, bluu, zambarau, kisha tena nyekundu. Kwa mutu mwenye umeme usiokatika, hilo ni pambo tu. Kwa mukaaji wa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia anayeishi na batri na konvertisa, ni swali la kweli: nani anakula umeme usiku huu, na nani amemupa ruhusa?

Ordinateri ya mezani haizimwi kabisa na kifungo cha mbele. Kisanduku cha umeme, kile mafundi wanaita alimantasio, kinaendelea kutoa volti 5 kidogo kidogo, kusudi mashini iweze kusikia pale kifungo kinabonyezwa tena. Karte-mere nyingi zinachukua umeme ule ule na kuupeleka kwenye taa. Ni mutengenezaji aliamua hivyo, mbali, kwenye kiwanda.

Mashini za namna hii zilitengenezwa kwa wacheza michezo ya video, lakini hazibaki kwao. Kisha miaka michache zinauzishwa kama okazio, na mwenye kupanga sauti, mwenye kukata video za ndoa ao mwenye sekretariati ya umma anafurahi kuzipata, sababu ziko na nguvu. Taa zinakuja juu, bila kuombwa. Halafu pale anataka kuzizima, anaambiwa aingize programu ya kampuni, yenye uzito wa mega mamia, inayotaka Windows ya namna fulani, na wakati mwingine inayomuomba kwanza afungue konti na aandike adresi yake ya barua-pepe. Konti ya kuzima taa!

Ni kwa ajili ya jambo hilo dogo watu fulani walianza kutengeneza programu za bure zenye maandishi yake ya ndani iko wazi kwa kila mutu. Inayojulikana zaidi inaitwa OpenRGB. Pembeni yake kuna vidude ambavyo fundi mwenye chuma cha kusude anaweza kujitengenezea mwenyewe.

Rangi tatu na foleni ya watoto

RGB ni herufi za kwanza za nyekundu, kijani na bluu kwa Kiingereza. Kwa Kifaransa wanaandika RVB. Jicho la mutu linapima rangi kwa kutumia aina tatu za chembe, njo maana taa tatu ndogo zilizokaa karibu sana zinatosha kulidanganya. Nyekundu na kijani zikiwaka pamoja, jicho linaona njano. Zote tatu zikiwaka kabisa, linaona nyeupe.

Nyekundu ilipatikana kwanza, kwenye mwaka 1962. Bluu ilisumbua sana. Ilipasa kungoja miaka ya 1990 ndipo taa ya bluu yenye mwangaza wa kutosha ikatoka Japani, na watu watatu walioifanyia kazi, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bila bluu ile hakungekuwa rangi zote hizi, na pia hakungekuwa taa nyeupe za LED ambazo leo ziko kwenye toroshi na kwenye nyumba zenye pano ya jua. Taa nyeupe nyingi kwa ukweli ni taa ya bluu iliyofunikwa na unga wa njano.

Kila moja ya rangi tatu inapewa namba, kuanzia 0 mpaka 255. Nyekundu safi ni 255-0-0. Nyeusi, maana yake kuzimwa, ni 0-0-0. Ukihesabu michanganyiko yote inafika 16 777 216, na njo ile "milioni 16 za rangi" inayoandikwa kwenye maboksi.

Namba zile zinafikaje kwenye taa? Hapa kuna aina mbili, na kuzichanganya kunaweza kuunguza kitu. Aina ya zamani iko na waya nne na volti 12: ukanda wote unakuwa rangi moja. Aina mupya iko na waya tatu na volti 5: plusi, masi, na waya moja ya habari. Katika hii ya pili kila taa iko na chipu kidogo ndani yake na inaweza kuwa na rangi yake peke yake. Chipu kinachojulikana zaidi kinaitwa WS2812, cha kampuni ya Worldsemi ya China.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi na ya akili sana. Fikiria foleni ya watoto 60 na mwalimu amesimama mbele, anapitisha makaratasi. Mutoto wa kwanza anashika karatasi ya kwanza, zote zingine anazipitisha nyuma. Wa pili anashika ile ya kwanza inayomufikia, zingine anapitisha. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Mwalimu hana haja ya kujua jina la mutoto. Anatosha kujua namba yake kwenye foleni. Chipu kinashika tarakimu 24 za kwanza, nane kwa kila rangi, na kuachilia zingine zipite. Tarakimu zinapita 800 000 kwa segonde moja, kwa hiyo taa 60 zinapata habari zote kwa muda usiofika sehemu mbili za elfu za segonde. Jicho haliwezi kuona foleni. Linaona tu rangi inayotembea.

Ubaya wake pia unatoka pale pale. Mutoto mumoja akianguka, wa nyuma yake hawapati kitu. Ukanda ambao nusu yake imekufa mara nyingi haujafa nusu: taa moja tu imeungua, na zote zinazofuata zimekosa habari. Fundi anakata ile moja, anaunga tena, na ukanda unaamka. Watu wanatupa vitu ambavyo vilikosa tu kipande kimoja kidogo sawa punje ya muhindi.

Kila kampuni na mulango wake

Ingekuwa kampuni zote zinaongea luga moja, habari hii ingeishia hapa. Lakini ASUS iko na Aura, MSI iko na Mystic Light, GIGABYTE iko na RGB Fusion, Corsair iko na iCUE, Razer iko na Synapse. Mutu mwenye karte ya huyu, klavye ya yule na barete za memoari za mwingine anaingiza programu tatu, zote zinazunguka nyuma muchana kutwa zikila memoari, na wakati mwingine zinapigania taa moja. Microsoft ilijaribu kuleta njia moja ya wote ndani ya Windows 11 mwaka 2023, lakini inafanya kazi tu na vifaa vilivyokubali njia hiyo, na vingi vya zamani havimo.

Uzito na usumbufu, watu wanavumilia. Kuna jambo lingine ambalo halivumiliki. Kusudi programu iongee na taa za ndani ya mashini, inahitaji piloti, yaani kile kipande cha programu kinachogusa vyuma moja kwa moja. Piloti iko na ruhusa kubwa kupita programu za kawaida. Ikiwa na tundu, mwizi anapita pale.

Hiyo haiko hadisi. Mwezi wa Desemba 2018, wachunguzi wa SecureAuth walitangaza matundu ndani ya piloti za ASUS Aura Sync na za programu kadhaa za GIGABYTE. Mwaka 2020, kampuni ya usalama Sophos ilifasiria namna wezi wa RobbinHood, virusi vinavyofunga faili za watu na kudai feza, walikuja na ile piloti ya GIGABYTE ndani ya mufuko wao. Waliiingiza kwenye mashini za watu, hata za wale wasiokuwa na kifaa chochote cha GIGABYTE, kusudi itumikishwe kuzima antivirusi. Windows iliikubali sababu ilikuwa na saini ya kweli ya kampuni ya kweli.

Mwaka 2021, mwezi wa Agosti, lilionekana lingine la kushangaza zaidi. Mutu alichomeka tu kipanya cha Razer kwenye mashini ya Windows 10; Windows yenyewe ikaleta programu ya kipanya kwenye intaneti na kuianzisha na ruhusa ya juu kabisa. Katika dirisha la kuchagua mahali pa kuweka faili, mutu yule aliweza kufungua mulango wa amri na kuwa mukubwa wa mashini nzima. Mugeni, na kipanya, na dakika chache. Razer ilisema itarekebisha. Lakini ile ilionyesha wazi ginsi nguvu kubwa inapewa kitu kidogo.

Kisha kukaja tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft iliacha kutunza Windows 10. Mashini nyingi za okazio hazina vitu ambavyo Windows 11 inadai. Njia ya heshima iliyobaki kwa mwenye mashini ya namna hiyo ni kuingiza Linux, ambayo ni ya bure na inaendelea kutunzwa. Lakini zile programu za taa za kampuni kubwa zinatengenezwa kwa Windows. Mwenye kuhama anaacha ufunguo wa taa nyuma yake.

Kusikiliza kwenye ukuta

OpenRGB ilianzishwa na mutengenezaji wa programu anayeitwa Adam Honse. Mwanzoni ilikuwa kitu kidogo chenye jina OpenAuraSDK, sababu kilianza na taa za ASUS. Leo inatambua karte-mere, barete za memoari, karte za video, klavye, vipanya na ventilateri za kampuni nyingi sana, na watu wa inchi mbalimbali wanaiongezea. Inatumika kwenye Windows na kwenye Linux. Haiombi konti. Kisha kuipakua mara moja, haina haja ya intaneti kufanya kazi yake. Na Kifaransa kimo.

Lakini kampuni hazikutoa siri za taa zao. Watu hawa wamezijuaje?

Wanasikiliza. Fundi anaingiza programu ya kampuni kwenye mashini, kisha anaweka programu nyingine katikati, inayoandika kila kitu kinachopita kwenye waya ya USB. Anabonyeza "nyekundu", anaangalia namba zilizopita. Anabonyeza "kijani", anaangalia tena. Kwenye mustari mumoja namba 255 imehama nafasi: pale njo mahali rangi inaandikwa. Anabadilisha mwangaza, anaona namba nyingine ikipanda. Ni sawa mutu anayejifunza luga kwa kusikiliza majirani kupitia ukuta, siku kwa siku, mpaka anaweza kuwajibu. Kila kifaa kipya kinadai kazi ile ianze tena, na mara nyingi anayeifanya ni mutu mumoja aliyechoka kuona klavye yake inawaka rangi asiyoipenda.

Akiisha, anaandika alichojua na kukitoa kwa wote. OpenRGB iko chini ya ruhusa inayoitwa GPL. Maana yake mutu yeyote anaweza kuitumikisha, kuifungua ndani, kuibadilisha, na kumupa mwingine. Akiigawa na mabadiliko yake, lazima naye aache maandishi yake wazi. Hapa kwetu programu nyingi zinatembea kwa flashi kutoka mashini moja mpaka nyingine, na mara nyingi ni kwa kujificha. Hii, kuipitisha kwa flashi ni haki kabisa. Mega za kuipakua zinalipwa na mutu mumoja, ulici nzima inatumikisha.

Mutu akiifungua, anaona vifaa vyake kwenye upande mumoja na rangi kwenye upande mwingine. Vingine vinaweza kukumbuka rangi vyenyewe hata mashini ikizimwa, na kwa hivyo mutu anaandika 0-0-0, anahifazi, basi. Vingine vinasahau; inafaa kuomba OpenRGB ianze pamoja na mashini na kuwakumbusha kila asubuhi. Kwenye Linux kuna hatua moja zaidi, kuruhusu mashini ifungue njia ya ndani inayoitwa i2c, na maelezo yake yanakuja na programu.

Si kwamba hakuna hatari, na wenye programu wenyewe hawafichi. Mwanzoni, amri fulani zilizotumwa kwenye karte-mere za MSI ziliharibu kabisa sehemu ya taa ya karte zingine, na waandishi wakafunga upande ule mpaka waelewe. Barete za memoari nazo zinaongeleshwa kupitia waya ile ile ambamo mashini inasoma kitambulisho cha barete. Ikiandikwa vibaya, barete inaweza kusahau yenyewe ni nani, na mashini ikakataa kuamka. Njo maana mafundi wanashika sheria moja: programu mbili za taa zisizunguke pamoja. Ya kampuni itolewe kwanza, mashini izimwe na kuwashwa tena, kisha OpenRGB iingie.

Na ile hadisi ya piloti yenye tundu? OpenRGB nayo iliguswa. Kwenye Windows ilitumikisha piloti ya zamani inayoitwa WinRing0, ambayo programu nyingine nyingi za kupima joto zilitumikisha pia. Mwaka 2025 antivirusi ya Microsoft ilianza kuikamata kama kitu cha hatari, na ilikuwa na sababu. Watengenezaji wakahamia kwenye nyingine, PawnIO. Tofauti iko hapa: kila kitu kilijadiliwa hazarani, mutu yeyote aliweza kusoma maandishi na kuona nini imebadilika. Kwenye programu iliyofungwa, mwenye kununua anangoja tu.

Kujitengenezea

Upande wa pili wa habari hii hauhitaji ordinateri ya bei kali. Unahitaji ukanda wa taa za waya tatu, kidude kidogo cha kufikiri, umeme wa volti 5 na chuma cha kusude.

Kidude kile kinaweza kuwa Arduino, karte ndogo iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi, na ambayo michoro yake iko wazi kiasi kwamba viwanda vingine vinaitengeneza kwa bei ndogo bila kuvunja sheria. Ao inaweza kuwa ESP32, ambayo iko na Wi-Fi ndani yake.

Kwa Arduino, wengi wanatumia mukusanyo wa maandishi unaoitwa FastLED, wa Daniel Garcia na Mark Kriegsman. Tarehe 2 Septemba 2019, Garcia alikufa katika moto wa mashua Conception kwenye pwani ya California, pamoja na watu wengine 33. Kama kazi yake ingekuwa imefungwa ndani ya sanduku la kampuni moja ao ndani ya mashini yake peke yake, ingeweza kuzikwa naye. Ilikuwa wazi. Kriegsman na wengine waliendelea, na FastLED inatoka mupya mpaka leo, na jina lake limo.

Kwa ESP32 njia rahisi zaidi ni WLED, iliyoanzishwa na Christian Schwinne. Hapa hakuna kuandika hata mustari mumoja. Karte inachomekwa kwenye ordinateri, programu inaingizwa kupitia kivinjari, ni mega chache tu, kazi ya dakika. Kisha karte inatoa Wi-Fi yake yenyewe, yenye jina WLED-AP na neno la siri wled1234. Telefoni inaingia pale, inafungua adresi 4.3.2.1, na rangi zote ziko kwenye ekra. Intaneti haihitajiki tena: Wi-Fi ile inatoka kwenye kidude chenyewe na kuishia kwenye nyumba. Neno lile la siri libadilishwe siku ya kwanza, sababu dunia nzima inalijua, na jirani pia.

OpenRGB na WLED zinaweza kuongea, kupitia luga ya taa za majukwaa ya muziki inayoitwa E1.31. Kwa hiyo taa za ndani ya mashini na ukanda wa ukutani zinaweza kufuata amri moja. Lakini kuna matumizi yenye faida kupita pambo. Studio ndogo ya redio inaweza kujitengenezea taa nyekundu juu ya mulango, inayowaka pale mikro iko wazi, kwa garama ya ukanda mufupi na karte moja. Duka linaweza kuandika jina lake kwa taa. Kiziwi anaweza kuona rangi ikibadilika pale mulango unapigwa.

Mambo matatu yanaunguza watu, ao yanaunguza ukanda.

La kwanza ni ile tofauti ya volti 12 na volti 5. Ukanda wa waya tatu ukilazimishwa kwenye mulango wa pini nne wa volti 12 unakufa mara moja, na haurudi. La pili ni masi. Kama karte inapata umeme wake kwenye telefoni na ukanda unapata wake kwenye kisanduku kingine, waya za masi za vyote viwili lazima ziungwe pamoja. Bila hivyo taa zinaruka-ruka kama wazimu, na watu wanazani programu imeharibika. La tatu ni urefu. Umeme wa volti 5 unachoka haraka kwenye waya nyembamba za ukanda: taa za mwisho zinakuwa na rangi ya chungwa pale ilipasa kuwa nyeupe. Dawa yake haiko kuongeza volti. Ni kuleta waya nene nyingine na kuingiza umeme tena katikati ao mwishoni.

Wengine wanaongeza kizuizi cha omu 300 mpaka 500 kwenye waya ya habari na kondansateri ya mikrofaradi 1000 kwenye mulango wa umeme. Si lazima, lakini garama yake ni ndogo kuliko ya ukanda.

Na etani. Ile etani fundi anayeyusha kwenye ncha ya chuma ni bati, wakati mwingine imechanganywa na risasi, 60 kwa 40, njo maana inafaa kunawa mikono mbele ya kula. Bati inatoka kwenye kasiterite, ambayo wakaaji wa Walikale na wa Kalima wanaifahamu tangu zamani. Kwenye boksi lenye picha za rangi hakuna mahali wanaandika hivyo.

Batri inasema nini

Sasa hesabu. Taa moja ya WS2812 ikiwaka nyeupe kabisa inakula karibu miliampere 60, yaani 20 kwa kila rangi. Ukanda wa taa 60 unafika ampere 3,6, na kwa volti 5 hiyo ni wati 18. Umeme huo unapitia konvertisa na alimantasio, ambazo zote zinapoteza kidogo, kwa hiyo kwenye batri inatoka karibu wati 25. Kwa masaa sita ya usiku ni wati-saa 150.

Batri ya volti 12 na ampere-saa 100 iko na wati-saa 1200 kwa karatasi. Kama ni ya asidi, haifai kushuka chini ya nusu, zinabaki 600. Ukanda ule wa pambo umekula robo ya umeme wa usiku, ule ambao ungeshikilia ordinateri ya kubeba kwa masaa tatu ao ine.

Hapa njo mahali amri ya mwenye mashini inakuwa na bei. Akichagua nyekundu peke yake, matumizi yanashuka mpaka sehemu moja ya tatu. Akipunguza mwangaza mpaka robo, yanashuka karibu mpaka robo, na jicho usiku halioni upungufu mukubwa. WLED iko na kizuizi kinachokataa kupita miliampere fulani, na inatoka kwenye mikono ya watengenezaji ikiwa imewekwa kwenye 850, hata mutu akiomba nyeupe kamili. Hata taa ikiwa nyeusi, chipu chake kinabaki macho na kula karibu miliampere moja. Kwa taa 60 si kitu. Kwa ukumbi wenye taa elfu mbili, ampere mbili zinapotea usiku kucha bila mutu kuona hata nuru moja, na pale kifungo cha kukata umeme kinafaa kuliko programu yoyote.

Kuhusu ile ordinateri ya mwanzo, inayowaka na huku imezimwa, kabla ya kutafuta programu yoyote inafaa kwanza kuingia BIOS, kwa kubonyeza Delete ao F2 pale mashini inaamka. Karte nyingi ziko na mustari unaoitwa ErP, kwa sababu ya sheria ya Ulaya juu ya umeme unaopotea bure. Ukiwekwa kwenye Enabled, umeme wa usingizi unakatwa karibu wote, na rangi zinazima pamoja na mashini. Kitu kimoja tu wenye nyumba wajue mapema: pale kwenye mashini nyingi milango ya USB nayo inalala, na telefoni iliyozoea kuchajiwa usiku kwenye ordinateri iliyozimwa itakutwa asubuhi bila chaji.